Subjonctif passé: "awe amefika" kwa Kifaransa

Maswali mengi yaliyotufikia safari hii yanahusu kona moja ya sarufi ya Kifaransa: subjonctif passé, yaani hali tegemezi ya tendo lililokwisha, maumbo kama que j'aie fini (niwe nimemaliza) na qu'elle soit partie (awe ameondoka). Waulizaji ni wanafunzi na walimu wa Dodoma na Kongwa, mwongoza watalii wa Kolo, na mfanyabiashara wa Singida anayeandikiana na wateja wake wa Burundi. Tumeanza na umbo lenyewe, tukamalizia na barua nzima.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nipo kidato cha sita. Subjonctif présent naiweza kiasi, ila ikija passé nachanganya viambishi vyote. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Kikuyu, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Anzia hapa: subjonctif passé haina viambishi vyake yenyewe. Ukiwa na avoir (kuwa na) na être (kuwa) katika subjonctif présent, umbo umeshalimaliza. Kinachobaki ni participe passé, yaani umbo la kitenzi kikuu linalofuata kisaidizi (fini, parti), na hiyo unaijua tangu ulipofundishwa passé composé (j'ai fini, nimemaliza).

Tena Kiswahili kinajenga kwa namna hiyo hiyo. Mama anayemwambia mtoto "nikirudi uwe umeosha vyombo" ametumia vitenzi viwili: uwe, ambayo ni kuwa katika hali tegemezi, na umeosha, inayoonyesha kazi imeisha. Kifaransa kinasema que tu aies lavé la vaisselle. Aies inafanya kazi ya uwe, lavé inafanya kazi ya umeosha. Tofauti ni kwamba sisi tunatumia kuwa peke yake kwa kila kitenzi, na wao wana visaidizi viwili. Kitenzi kikuu ndicho kinachoamua kipi kitumike.

Avoir: que j'aie, que tu aies, qu'il ait, que nous ayons, que vous ayez, qu'ils aient.

Être: que je sois, que tu sois, qu'il soit, que nous soyons, que vous soyez, qu'ils soient.

Maumbo 12 tu. Yaandike kwa mkono bila kuchungulia hadi yatoke safi yote, ndipo uongeze participe: que j'aie compris, que tu aies compris, qu'il ait compris, que je sois venu, que tu sois venu, na kuendelea. Usianze na orodha ndefu ya vitenzi. Anayeanza na vitenzi 50 kabla visaidizi havijakaa sawa hurudia kosa lile lile mara 50.

Makosa ya hapa yanajulikana. Nafsi ya tatu umoja haina e mwishoni: ni qu'il ait na qu'il soit, wala si qu'il aie au qu'il soie. Anayeweka e amevutwa na qu'il parle, qu'il finisse. Kosa jingine ni kuingiza i baada ya y, yaani que nous ayions, que vous soyiez. Hiyo i inatoka kwenye que nous parlions, que vous parliez, ambako ni lazima iwepo. Kwa avoir na être haipo kabisa. Na usisahau s ya que tu aies.

Kuhusu participe, zile za kawaida hazina shida: -er inatoa é, vitenzi vingi vya -ir vinatoa i, na vingi vya -re vinatoa u. Zisizofuata kanuni zishike kwa koo zake. Ukoo wa u ndio mkubwa: vu, lu, su, pu, bu, cru, eu, reçu, voulu, tenu, venu, couru, connu, vécu. Ukoo wa -is: pris, appris, compris, mis, promis, assis. Ukoo wa -it: dit, écrit, conduit. Ukoo wa -ert: ouvert, couvert, offert, souffert, découvert. Ukoo wa -int: craint, peint, éteint. Zilizobaki, kama été, fait, né na mort, ziweke kichwani moja moja. Ukiwa na shaka herufi ya mwisho ni s au t, iweke participe katika jinsia ya kike uisikilize: prise na mise zinatoa sauti ya z, kwa hiyo kiume kinaishia na s, ouverte, écrite na faite zinatoa t, kwa hiyo kiume kinaishia na t. Dû ina kofia katika kiume umoja tu. Due, dus na dues hazina.

SWALI: Niliandika Je doute que Juma soit quitté Dodoma, nikakatwa alama. Partir inachukua être, na quitter nayo ni kuondoka. Mbona imekuwa kosa? (Mwanachuo, Dodoma)

JIBU: Kilichokuponza ni ile kanuni inayopita mdomo kwa mdomo kwamba "vitenzi vya mwendo huchukua être". Haiko hivyo. Marcher, courir, nager, voyager na sauter ni mwendo mtupu, na vyote vinachukua avoir. Quitter nayo ni ya avoir, kwa sababu lazima ifuatwe na yambwa: mtu huacha mahali au huacha mtu. Sahihi ni que Juma ait quitté Dodoma, au que Juma soit parti de Dodoma.

Vya être ni orodha fupi, na ni ya kukariri: aller, venir, arriver, partir, entrer, sortir, monter, descendre, naître, mourir, rester, tomber, retourner, passer, pamoja na vile vilivyozaliwa navyo kama revenir, devenir, rentrer na repartir. Ongeza vitenzi vyote vya kujirejea, vyenye se: se laver, se lever, se tromper.

Sasa kuna sita katika orodha hiyo vinavyobadilisha kisaidizi: monter, descendre, sortir, rentrer, retourner na passer. Vikisimama bila yambwa tendwa, être. Vikipata yambwa tendwa, avoir. Abiria akishuka kwenye basi Manyoni: je suis surpris qu'elle soit descendue à Manyoni. Akiwa ameshusha magunia: je suis surpris qu'elle ait descendu les sacs. Kiswahili kinatofautisha kwa kushuka na kushusha, kutoka na kutoa, kupanda na kupandisha. Ukiona Kiswahili chako kimedai kiambishi cha kusababisha, mara nyingi hapo Kifaransa kinadai avoir.

Passer ina mtego wa ziada. Qu'il ait passé l'examen maana yake ni kwamba amefanya mtihani, hata kama ameanguka. Kufaulu ni réussir: qu'il ait réussi à l'examen.

Upatanisho haubadiliki kwa kuwa tumeingia kwenye subjonctif. Kwa être, participe hufuata kiima: qu'elles soient arrivées. Kwa avoir, haifuati kiima. Hufuata yambwa tendwa pale tu yambwa hiyo inapotangulia. Kwa hiyo qu'il ait lu les lettres haina nyongeza, lakini qu'il les ait lues ina es, kwa sababu les, yaani zile barua, imeshatajwa kabla ya participe kuandikwa. Vitenzi vya kujirejea navyo vinaangalia yambwa tendwa: qu'elle se soit lavée (amejiosha, se ndiyo iliyooshwa), lakini qu'elle se soit lavé les mains (kilichooshwa ni mikono, nayo imekuja nyuma). Qu'ils se soient parlé haiongezwi s kamwe, kwa kuwa parler à humwendea mtu kupitia à.

SWALI: Wanafunzi wangu wakiona kishazi huru kiko katika wakati uliopita, wanaweka subjonctif passé moja kwa moja. Wanaandika Je voulais qu'elle soit venue wakimaanisha "nilitaka aje". Niwaelezeje? (Mwalimu wa sekondari, Kongwa)

JIBU: Mwalimu mwenzetu, hili ndilo swali zito kuliko yote ya safari hii, na tatizo linaanzia kwenye jina. Neno passé linamfanya mwanafunzi aangalie kalenda: jambo lilikuwa jana, basi passé. Lakini subjonctif passé haipimwi kutoka leo. Inapimwa kutoka kwenye kitenzi cha kishazi huru. Swali la kumpa mwanafunzi ni moja: wakati wa kitenzi cha kwanza, tendo la pili lilikuwa limeshakwisha? Kama ndiyo, passé. Kama lilikuwa linaendelea au bado halijatokea, présent, hata kama yote mawili yalitokea mwaka juzi.

Ziandike sentensi hizi nne ubaoni, moja chini ya nyingine:

Je suis content qu'elle vienne. Nafurahi kwamba anakuja.
Je suis content qu'elle soit venue. Nafurahi kwamba amekuja.
J'étais content qu'elle vienne. Nilifurahi kwamba anakuja.
J'étais content qu'elle soit venue. Nilifurahi kwamba alikuwa amekuja.

Wanafunzi wataona wenyewe kwamba kishazi cha pili hakikubadilika kati ya sentensi ya kwanza na ya tatu, wala kati ya ya pili na ya nne. Kishazi huru kimehama kutoka leo kwenda jana, na cha pili kimebaki kilipo.

Baada ya hapo rudi kwenye vouloir. Anayetaka jambo hutaka lililo mbele yake, kwa hiyo je voulais qu'elle vienne. Il fallait que je parte ni hivyo hivyo: ilinibidi niondoke. Kiswahili kinasaidia hapa, kwa sababu hakuna mwanafunzi atakayesema "ilinibidi niwe nimeondoka" akiwa anamaanisha kuondoka kwa kawaida. Akisikia kwamba "niwe nime-" inagoma, basi na subjonctif passé inagoma.

Lakini kipimo hicho kina mpaka, nao waambie mapema. Baada ya maneno ya hisia Kiswahili hakitumii hali tegemezi: tunasema "nimefurahi kwamba umekuja", wala si "nimefurahi uwe umekuja". Kwa hiyo kwa furaha, huzuni, mshangao na majuto, wategemee lile swali la muda, wasisubiri masikio ya Kiswahili.

Vouloir na il faut zinaweza kuchukua passé pale ambapo kuna muda wa mwisho. Il faut que vous ayez rendu vos cahiers avant 8 heures: madaftari yawe yamerudishwa kabla ya saa mbili asubuhi. Hapa macho yako kwenye saa hiyo, na ikifika kazi iwe imeshakwisha. (Na wahimizwe kugeuza saa wanapoandika, 8 heures si saa nane.) Ukisema que vous rendiez vos cahiers avant 8 heures, agizo ni lile lile, ila mkazo uko kwenye kurudisha.

La mwisho hapa ni kiima. Kiima cha vishazi viwili kikiwa mtu mmoja, Kifaransa kwa kawaida huacha subjonctif na kuchukua infinitif, yaani kitenzi kisicho na nafsi. Je suis content que je sois venu inaumiza sikio la Mfaransa. Sema je suis content d'être venu. Vivyo hivyo je regrette d'avoir crié, avant de partir, sans avoir mangé. Ila bien que, quoique na jusqu'à ce que hazina njia hiyo ya mkato, kwa hiyo zinabaki na subjonctif hata kiima kikiwa kimoja: bien que j'aie beaucoup travaillé, je n'ai pas réussi.

SWALI: Mwalimu, nikitafsiri "usipande kabla mvua haijanyesha" naandika Ne sème pas avant que la pluie ne soit pas tombée. Naambiwa nimegeuza maana. Vipi? (Msomaji, Bahi)

JIBU: Kiswahili kinakanusha baada ya kabla: haijanyesha, hajafika, hawajatoka. Kifaransa hakikanushi. Sentensi yako ni ne sème pas avant que la pluie soit tombée, neno kwa neno "kabla mvua iwe imenyesha". Ukiweka pas unamwambia mkulima asubiri mvua isinyeshe, na hapo shamba halitapandwa.

Kinachozidisha mkanganyiko ni kwamba katika maandishi utakutana na avant que la pluie ne soit tombée, yenye ne bila pas. Hiyo ne haikanushi chochote. Ni pambo la lugha ya kuandika, na hutokea pia baada ya à moins que, craindre que na avoir peur que. Kuiacha si kosa. Kinachotakiwa ni kutoichanganya na ukanushi kamili, na hatari kubwa iko kwenye woga: j'ai peur qu'il ne soit parti ni "naogopa ameshaondoka", na j'ai peur qu'il ne soit pas parti ni "naogopa hajaondoka". Pas moja imegeuza habari nzima. Ushauri wetu kwa anayejifunza ni kuiacha ne ya pambo mpaka aizoee kwa kusoma.

"Mpaka" inakwenda na jusqu'à ce que: attends jusqu'à ce que la pluie soit tombée, subiri mpaka mvua iwe imenyesha. Hapa Kiswahili na Kifaransa vinalingana kabisa.

SWALI: Naongoza wageni kwenye michoro ya miambani ya Kolo. Wageni wa Kifaransa wakirudi kwao hunitumia ujumbe wa shukrani, nami nataka kuwajibu vizuri. Niliandika Je suis ravi que vous ayez plu les peintures. Rafiki yangu akacheka. (Mwongoza watalii, Kondoa)

JIBU: Michoro hiyo imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na inastahili ujumbe usio na doa.

Plaire haitembei kama kupenda. Inatembea kama kupendeza: kitu ndicho kiima, mtu ndiye anayependezwa. Michoro imewapendeza: les peintures vous ont plu. Ikiingia kwenye subjonctif, kisaidizi kinafuata michoro, si wageni: je suis ravi que les peintures vous aient plu. Ikiwa ni safari, umoja: que le voyage vous ait plu. Vous iliyokaa mbele ya kisaidizi ndiyo inayowavuta watu waandike ayez. Kabla ya kuandika jiulize ni nani anayependeza, utapata nafsi sahihi. Na plu haiongezwi kitu, kwa sababu vous hapo ni yambwa tendewa.

Ukiona plaire inakusumbua, tumia aimer, ambayo inafuata mtu: je suis ravi que vous ayez aimé les peintures. Zote mbili ni nzuri. Plaire ina adabu zaidi kidogo, kwa maoni yetu, na Wafaransa huitumia sana kwa wageni.

Sentensi nyingine utakazozihitaji: je suis heureux que vous soyez venus à Kolo (venu kwa mwanaume mmoja, venue kwa mwanamke mmoja, venus kwa kundi, venues kwa wanawake watupu). Je suis désolé qu'il ait fait si chaud, pole kwamba kulikuwa na joto vile. C'est dommage que vous n'ayez pas pu voir tous les sites. Na mgeni akikuandikia c'est le plus bel endroit que nous ayons visité, ameweka subjonctif kwa sababu ya le plus bel. Sifa ya kupita zote, pamoja na le seul, le premier na le dernier, huivuta mara kwa mara.

Kumbuka pia kwamba plu ni participe ya pleuvoir. Je ne crois pas qu'il ait plu hier ni "sidhani kama jana mvua ilinyesha". Kinachotenganisha maana ni kuwepo kwa vous, lui au leur.

SWALI: Kwenye imla nasikia "zhe" tu. Nitajuaje kama ni j'ai au j'aie? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

JIBU: Kwa sikio pekee hutajua; hata Wafaransa wengi hawazitofautishi katika mazungumzo. Tumia kubadilisha nafsi: weka nous. Kama sentensi inadai nous avons, andika j'ai. Kama inadai nous ayons, andika j'aie. Je sais que j'ai fini, je sais que nous avons fini. Il doute que j'aie fini, il doute que nous ayons fini.

Aie, aies, ait na aient zote zinatamkwa kwa irabu moja, e iliyo wazi. Anayesoma aient kama "ayen" anasoma herufi zisizotamkwa. Umoja na wingi utavitofautisha kwa z: qu'il ait inasikika "kil-e", qu'ils aient inasikika "kilz-e". Kwa être msaada huo haupo. Qu'il soit parti na qu'ils soient partis ni sauti moja, kwa hiyo rudi nyuma kwenye imla utafute ni nani aliyetajwa.

SWALI: Katika riwaya ya zamani nimekuta bien qu'il fût parti na avant qu'elle eût parlé. Hii nayo ni subjonctif passé? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Ni subjonctif plus-que-parfait. Kisaidizi kimewekwa katika subjonctif imparfait: fusse, fusses, fût, fussions, fussiez, fussent kwa être, eusse, eusses, eût, eussions, eussiez, eussent kwa avoir. Zamani ilitumika pale ambapo kishazi huru kiko katika wakati uliopita. Siku hizi subjonctif passé imechukua kazi hiyo katika mazungumzo, barua na magazeti. Ukisoma, geuza fût kuwa soit na eût kuwa ait, maana itakaa. Usiiandike kwenye barua ya kazi. Angalia tu kofia: fut na eut bila kofia ni passé simple, wakati mwingine kabisa.

SWALI: Nauza mafuta ya alizeti kwa wateja wa Burundi. Nawaandikia kwa Kifaransa nilichosoma zamani. Naomba mnisahihishie kipande hiki: "Monsieur, nous sommes désolés que l'huile n'est pas encore arrivée. Il est possible que les camions ont été retardé à la frontière. J'espère que vous ayez reçu la facture. Nous enverrons le reste après que vous ayez payé. Je regrette que je n'ai pas répondu plus tôt." (Mfanyabiashara, Singida)

JIBU: Mheshimiwa, barua inaeleweka na heshima ipo. Kasoro ni kwamba umeacha subjonctif pale inapotakiwa na kuiweka pale isipotakiwa, na sababu zake zinafaa kujulikana.

Sentensi ya kwanza ina hisia, désolés, na hisia hudai subjonctif: que l'huile ne soit pas encore arrivée. E ya mwisho uliiweka vyema, maana huile ni ya kike.

Ya pili ina il est possible, jambo lisilo na uhakika: que les camions aient été retardés. Hapa kuna hali ya kutendwa, ndiyo maana maneno ni matatu. Aient ni kisaidizi, été haibadiliki kamwe, na retardés inafuata camions, kwa hiyo s. Ungekuwa na hakika zaidi ungesema il est probable que les camions ont été retardés, na hapo subjonctif inaondoka. Possible inaivuta, probable haiivuti.

Ya tatu: espérer ikiwa haijakanushwa huenda na indicatif, yaani hali ya kawaida ya kutoa taarifa. J'espère que vous avez reçu la facture. Wengi wanakosea hapa kwa sababu kutumaini kunafanana na kutaka, na vouloir que ni ya subjonctif. Penser, croire na savoir nazo ni za indicatif zikiwa hazijakanushwa. Kanusha penser au croire ndipo subjonctif inaingia: je ne pense pas que vous ayez reçu la facture.

Ya nne: après que ni ya indicatif, kwa kuwa inazungumzia jambo linalohesabiwa kuwa limetokea. Wazungumzaji wengi wa Kifaransa wenyewe huweka subjonctif hapo kwa kuiga avant que, lakini katika barua ya biashara fuata kanuni. Enverrons iko katika wakati ujao, kwa hiyo futur antérieur (utakuwa umelipa): après que vous aurez payé. Kwa mteja ni laini zaidi kutumia nomino: après votre paiement.

Ya tano: anayejuta na asiyejibu ni wewe mmoja, kwa hiyo infinitif: je regrette de ne pas avoir répondu plus tôt. Ne na pas zinakaa pamoja mbele ya avoir. Tena majuto haya tungeyaleta mwanzoni, ili mteja ayasome kabla ya habari ya kuchelewa.

Barua iende hivi:

"Monsieur, je regrette de ne pas avoir répondu plus tôt. Nous sommes désolés que l'huile ne soit pas encore arrivée. Il est possible que les camions aient été retardés à la frontière. J'espère que vous avez reçu la facture. Nous enverrons le reste après votre paiement."